Sura ya Saba: Konokono Walitangulia Kufa

"Mimi sisahau," alisema Inspekta Désiré mlangoni, akifuta viatu kwenye mkeka taratibu kama bwana harusi. "Uso, jina, namba ya gari, nani alikaa karibu na nani kwenye matanga. Kitu kikiingia humu, kimeingia." Akajigonga kipaji cha uso kwa kidole.

Direkta Lambert hakucheka. Alikuwa mtu wa kilo mia na ishirini, suti ya abacost ya kijivu imefungwa hadi kooni, na asubuhi hiyo uso wake ulikuwa na rangi ya kahawa kabla haijakaangwa. Kahawa aliijua: kampuni nzima ya kahawa ilikuwa mkononi mwake. Kwenye karatasi za serikali alikuwa citoyen mwenye majina matatu ya mababu, lakini ndani ya ukuta wake mama yake mzazi bado alimwita Lambert, na hakuna sheria ya authenticité, ile ya kufuta majina ya Kizungu, iliyowahi kumshinda mama.

"Sikukuita unionyeshe kichwa," alisema. "Sasa iko saa tatu. Saa sita bac inavuka. Ile lori unaiona?"

Désiré alikuwa ameiona. Lori la gereza liliegeshwa kando ya ukuta, na askari wawili walikaa nyuma yake wakimenya karanga. Saa sita kamili kivuko kingekwenda ng'ambo, Lubunga. Lubunga kuna treni, na mbali huko treni inakoishia kuna shamba la wafungwa ambalo watu wa Kisangani hulitaja kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa.

"Nani anaenda?"

"Assumani. Ameniulia bahari yangu."

Bahari yenyewe ilikuwa sebuleni: sanduku la kioo lenye urefu wa kitanda cha watu wawili, lita mia sita za maji ya chumvi, taa za neon juu yake na pampu ikipuliza mapovu. Miaka mitano iliyopita Lambert alikuwa ameileta kutoka Antwerpen kwa ndege mbili, pamoja na mchanga wake, samaki wake na matumbawe yake, ambayo watu wa nyumba hiyo waliyaita maua ya mawe. Mjini humo wako watu waliozaliwa, wakaoa na kuzikwa bila kuona bahari. Lambert alikuwa ameifunga nyumbani kwake, na kila mgeni alilazimishwa kuitazama kabla ya kupewa chakula.

Jumamosi, siku mbili tu kutoka hapo, mkubwa mmoja kutoka Kinshasa angekuja kula mbele ya kioo hicho. Mkubwa huyo alikuwa ameambiwa ataona bustani. Kilichokuwepo kilikuwa makaburi. Maua mengine yalikuwa meupe kama mfupa uliolambwa na mbwa. Mengine nyama yake ilibanduka vipande vipande na kupeperuka majini kama ganda la muhogo uliolowekwa. Moja tu, kubwa, la rangi ya kahawia, lililokaa kwenye jiwe la nyuma, lilikuwa limejikunja likabana kama ngumi.

"Saboteri," Lambert alisema. "Mutu alitia kitu. Na mutu mumoja tu anagusa ile maji."

Mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na pampu. Assumani alikuwa mzee mwembamba wa Kasongo, kofia nyeupe kichwani, mikono juu ya magoti, na magotini hapo daftari. Hakumtazama Direkta wala Inspekta. Alikuwa akilitazama lile ua la kahawia jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa wake.

Kona ya sebule, nyuma ya redio kubwa, Mama Pélagie, mama yake Lambert, alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Alikuwa mama wa Isangi, wa kando ya mto. Kila siku alikaa hapo kutwa, na watu walimpita kama wanavyolipita kabati.

"Mbote, mama," Désiré alisema kwa adabu.

"Umerudi, mwana," alijibu bila kuinua macho. "Kichwa ilipona?"

Désiré alicheka. "Kichwa yangu haijagonjwa hata siku moya, mama." Akaendelea na kazi.

Akatoa mfukoni kifuniko cha chupa ya bia na kuanza kukizungusha katikati ya vidole. Hivyo ndivyo alivyofikiri. Zamani alikuwa akizungusha kipande cha mutako alichoachiwa na nyanya yake, ile shaba ambayo mababu wa mtoni walifanyia biashara kabla noti hazijafika. Lakini kipande hicho kilikuwa kimepotea, huenda kwa mfua nguo, na kifuniko cha bia kilikuwa kinajifunza kazi.

"Papa Assumani. Maji iko na joto gani?"

"Digrii makumi mbili na sita. Angalia mwenyewe."

Aliangalia. Ishirini na sita.

"Chumvi?"

Assumani alinyoosha mkono, akachukua kipimo cha kioo kinachoelea na kukitia majini. Kilisimama kwenye mstari mwekundu. "Haijaruka ile mustari tangu Pasaka."

"Labda ulitia chumvi ya soko. Ile ya kupikia majani ya pondu."

"Mi nitie chumvi ya pondu?" Kwa mara ya kwanza mzee aligeuka. "Shefu, nenda kuona mifuko. Iko na kamba ya fabriki. Ukikuta moya ilifunguliwa bila mimi kuandika, unifunge wewe mwenyewe."

Désiré alikwenda stoo na kuhesabu mifuko: tisa, kamba za kiwanda zote nzima. Wa kumi ulikuwa wazi nusu. Alionja. Ulikuwa uchungu wa bahari kweli, au angalau uchungu ambao haukuwa wa pondu. Aliporudi alimwuliza mzee kuhusu taa: zilibadilishwa Machi. Pampu: inapumua. Umeme: ulikatika mara mbili mwezi wa tano, na kila mara Assumani alikuwa amekoroga maji kwa mkono mpaka urudi.

"Yote hii unaikumbuka kwa kichwa?"

"Hapana. Mi nasahau, kama batu bote. Njo maana naandika."

Alifungua daftari. Désiré aliinama, kisha akainuka haraka. Kurasa zote zilijaa herufi za Kiarabu, zikitembea kutoka kulia kama siafu waliokosa njia.

"Unaona!" Lambert alifoka. "Fétiche! Miaka tano anaandika uchawi ndani ya nyumba yangu!"

"Iko Kiswahili, Direkta," Assumani alisema kwa upole. "Herufi tu njo ya Kurani. Hivi njo nilifundishwa kwetu."

Hapo ndipo Désiré alionyesha kwamba mshahara wake haukuwa wa bure kabisa. Ushahidi ambao mshtakiwa peke yake anaweza kuusoma si ushahidi. Alifungua kurasa sita kwa kubahatisha, akamwambia asome, naye akaandika kila neno kwenye karatasi yake. Kisha akamwacha akae kimya robo saa, akarudi, akazifungua zilezile kwa kuzichanganya, akamwambia asome tena. Joto, chumvi, idadi ya samaki, nani alikuwa chakula cha nani. Hakuna nukta iliyohama.

"Haongopi," alimwambia Lambert. "Au ni mwongo kuliko wote wa Haut-Zaïre, na mwongo kama huyo hawezi kuwa boi wa samaki."

"Mi si boi wa samaki," Assumani alisema. "Mi ni mulinzi wa bahari."

Saa nne na nusu. Nje, askari mmoja alishuka na kupiga teke tairi la lori kwa kulipima.

Mshukiwa wa pili alijileta mwenyewe. Madame Berthe, mke wa Lambert, aliingia akiwa amevaa kitenge cha sherehe na bomba la dawa ya mbu mkononi, akipuliza pembe za dari kama padri anayebariki.

"Madame, simama hapo hapo," Désiré alisema. "Hiyo unapuliza kila siku?"

"Kila siku. Unataka mbu banimeze?"

"Na karibu na kioo?"

"Papa Assumani anafunika na kitambaa mbele nianze. Anafunika zaidi ya vile bwana yangu ananifunika mimi." Alicheka, halafu akamwona mumewe, akaacha. "Bon. Donc unafikiri ni mimi."

Désiré alisogea kwenye kioo. Kulikuwa na samaki saba, wenye mistari ya manjano, na wote saba walikuwa wakizunguka wakitafuta chakula, wenye afya kama wanasiasa.

"Hapana," alisema polepole. "Dawa ya mbu ingeua samaki kwanza. Hawa wanakula?"

"Sana," Assumani alisema.

"Si ulikuya kwa fête, wewe?" Berthe aliuliza, akimkagua Inspekta. "Ile ya tarehe makumi mbili ya mwezi wa tano? Ulituchekesha, tonton! Mpaka ukavua viatu."

"Nakumbuka yote," Désiré alisema. "Mbuzi wawili, lotoko, pombe ya mahindi kutoka Opala, bendi ilipiga mpaka—"

"Bendi? Hatukukuwa na bendi. Ilikuwa disiki kwa électrophone."

Désiré alikohoa. "Ilipiga kama bendi," alisema, na kumgeukia Assumani haraka. "Soma vifo. Vyote. Kwa mpangilio."

Assumani alilamba kidole na kufungua.

"Tarehe makumi mbili na ine, mwezi wa tano: konokono wawili. Makumi mbili na tano: konokono sita. Makumi mbili na saba: konokono bote, na kaa mumoja. Makumi mbili na tisa: kaa bote. Tarehe mbili ya mwezi wa sita: maua nyeupe ilifunga, haikufunguka. Tarehe tano…" Sauti yake ilififia. "Kisha maua, maua, maua mpaka leo."

"Na samaki?"

"Hata mumoja."

Kifuniko cha bia kilisimama katikati ya vidole vya Désiré. Alipokuwa mwanafunzi Yanonge, watu wa usafi waliwahi kuja kwa mtumbwi na kumwaga unga wa buluu kwenye dimbwi ambamo watoto walipatia kichocho. Kesho yake konokono walikuwa wameelea watupu kama vifungo vya shati. Samaki waliendelea kuogelea, na watoto waliendelea kuwavua na kuwala. Mwalimu alikuwa amewaandikia sababu ubaoni.

"Shaba," alisema.

"Nini?" Lambert alisogea.

"Shaba ndani ya maji. Samaki anaistahimili, mwenye gamba na ua hawawezi. Konokono ndio wanatangulia. Sumu ingine ingeanza na samaki." Alisimama wima, alipendeza, na alijua. "Direkta, kwenye mashamba yako, kahawa ikishikwa na ugonjwa wa majani, mnaipuliza nini?"

Lambert alisema kwa sauti ndogo iliyokuwa mbaya kuliko kelele zake zote: "Unga wa buluu."

"Ambao ni shaba."

Hawakuchukua dakika kumi. Chumba cha Assumani nyuma ya nyumba kilikuwa na kitanda, mkeka wa sala, na chini ya kitanda, debe la mbegu. Ndani ya debe kulikuwa na pakiti iliyofungwa kwa gazeti. Désiré aliikunjua kidogo pembeni. Unga ulikuwa wa buluu kama anga la likizo.

Waliporudi sebuleni, Lambert aliishika pakiti juu kama mtu aliyekamata mwizi wa kuku kwa miguu. "Ndiye! Inspekta, mufunge!"

"Ni ya tomate," Assumani alisema. "Niko na shamba kidogo Lubunga. Mulinzi wa depo yako alinipa, Direkta. Ya tomate! Mi niue maua? Mi?"

"Nilisema ni mutu mumoja tu anagusa maji," Lambert alisema. "Mufunge."

Pingu zilikuwa za Désiré mwenyewe, nzuri, za Kibelgiji. Zililia mara mbili kwenye vifundo vyembamba vya mikono ya mzee. Ufunguo ukaingia mfuko wa kulia wa suruali ya Inspekta. Mama Pélagie aliacha kuchagua mchele. Alimtazama mwanawe, akatazama pingu, akamtazama Désiré kwa muda mrefu. Hakuna aliyemuuliza kitu, akarudi kwenye ungo.

Saa tano na dakika ishirini. Kutoka mtoni, honi ya kivuko ililia mara ya kwanza, ile ya kuwaita wenye mizigo.

Désiré alikaa kuandika hati. *Pakiti moja, unga wa buluu, imefungwa kwa gazeti la…* Alisita. Hati nzuri hutaja gazeti la tarehe gani. Alikunjua ukurasa, akautandaza mezani, akatafuta juu.

Tarehe mosi Juni.

Alisoma tena, kana kwamba tarehe inaweza kuona haya ikabadilika. Kisha akachukua karatasi yake ya vifo. Konokono wa kwanza: tarehe ishirini na nne, mwezi wa tano. Konokono wa mwisho: tarehe ishirini na saba.

"Direkta," alisema, "kuna tatizo."

"Hakuna tatizo. Kuna lori."

"Pakiti hii imefungwa na gazeti la mwezi wa sita. Konokono walikufa mwezi wa tano. Huwezi kumuua mtu kwa kisu ambacho hakijafuliwa."

"Labda alikuwa na pakiti ingine."

"Labda. Labda na mimi nina mke mwingine Bunia. Lakini sijamwona."

Lambert alimkaribia mpaka kifungo cha juu cha abacost yake kikagusa pua ya Désiré. Harufu ya sabuni ya Ulaya, na chini yake jasho la woga. Ndipo ilipoonekana kwamba hata Direkta alikuwa akimwogopa mtu.

"Sikiliza, kijana. Jumamosi mugeni yangu atauliza: bahari iko wapi? Nitamujibu: ilikufa, na aliyeiua iko gerezani. Nikisema ilikufa tu, atasema mutu anayeshindwa kulinda konokono atalinda aje kampuni. Tarehe haiendi gerezani. Mutu njo anaenda. Kama uko na mutu mwingine, nipe mbele ya saa sita. Kama hauna, acha kunisomea gazeti."

Akatoka nje. Sauti yake ilisikika ikiwaambia askari wawashe injini ipate moto. Lori lilikohoa, likanguruma.

Désiré aliburuta kiti mpaka mbele ya mzee. "Papa Assumani. Haraka. Shaba iliingia kati ya tarehe gani na gani? Konokono walikuwa wazima mara ya mwisho lini?"

Mzee alifungua daftari kwa mikono iliyofungwa, akisukuma kurasa kwa kidole gumba. "Makumi mbili na mbili, wazima. Makumi mbili na moja, wazima. Makumi mbili…" Alisimama. "Makumi mbili: *Sikukuu. Bageni bengi. Saa ine ya usiku nilikuwa jikoni. Niliporudi, kifuniko kilikuwa wazi upande wa nyuma. Nilifunga.*"

"Upande wa nyuma? Wa ukuta?"

"Kwa ile jiwe kubwa."

"Na ulisafisha pale tangu siku hiyo?"

"Pale sifikaka. Ua ya kahawia inalala pale. Ukisukuma jiwe, unaivunja."

Désiré alikuwa ameshavua koti. Alikunja mkono wa shati mpaka begani, akapanda juu ya meza ndogo ya Madame Berthe, akalaza shavu lake kwenye ukingo wa kioo na kuchungulia ule upenyo kati ya jiwe na ukuta. Mchanga wote wa bahari ile ulikuwa mweupe. Pale, sehemu ya ukubwa wa sahani, ulikuwa na rangi ya kijani, kijani cha paa la kanisa la zamani.

"Nimepata," alisema kwa sauti ya kukwaruza.

"Polepole, shefu," Assumani alisema, akiwa amesimama na pingu zake, shingo ndefu. "Usiguse ya kahawia. Iko hai bado."

Mkono uliingia. Maji yalifika kwapani. Samaki wa manjano walikuja kuonja vidole. Alifukua mchanga wa kijani kwa kidole kimoja, kisha viwili. Kitu kigumu, kirefu kama kidole cha mtoto, baridi. Akakivuta juu taratibu, akikizungusha kati ya vidole kabla hata ya kukiona.

Vidole vilikijua. Vilikizungusha mara mbili, kama vilivyozoea, kabla ya kichwa kufika.

Fimbo ndogo ya shaba, imeliwa na kijani. Mwisho mmoja alama tatu za kisu, ambazo nyanya yake alizichora ili wajukuu wasigombane kuhusu mutako wa nani ni upi.

Honi ya kivuko ililia mara ya pili.

Lambert alikuwa ameingia tena, askari mmoja nyuma yake. "Ulipata nini?"

Désiré alishuka mezani. Maji yalitiririka kutoka kwenye kiwiko chake mpaka kwenye zulia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa, umebana, na ukaingia mfukoni mwa suruali ukiwa bado umebana.

"Kokoto," alisema.

"Kokoto?"

"Kokoto ya kijani. Si kitu."

"Basi imekwisha." Lambert alimwonyesha askari kigoda kwa kidevu. "Peleka."

Askari alimshika Assumani kwapani. Mzee hakupiga kelele. Alijaribu kulichukua daftari, lakini pingu zilimzuia, likaanguka, na askari akalikanyaga bila kukusudia. Assumani alimtazama Désiré. Alikuwa ameyaona maji ya kijani yakidondoka mfukoni mwa suruali ile. "Shefu," alisema tu. "Mwambie mutu abadilishe maji. Nusu leo, nusu kesho. Ya kahawia inaweza kupona."

Walikuwa wamefika mlangoni wakati ungo ulipowekwa chini.

"Lambert," Mama Pélagie alisema. "Ambia ule askari asimame."

"Mama, hii si mambo ya—"

"Asimame."

Askari alisimama kabla Direkta hajamwambia. Mama Pélagie aliinuka kwa kushika redio, akaja mpaka katikati ya sebule, mfupi kuliko kioo.

"Batu baliuliza Assumani," alisema. "Baliuliza Berthe. Baliuliza mpaka samaki. Mimi niko hapa kila siku, hakuna mutu aliniuliza." Akamgeukia Désiré. "Na mi nilinyamaza, juu wewe ni mutu wa mto kama mimi. Kwetu, mutu akipatia maji shaba na kuomba kitu, aliyemwona hasemi. Hata mwaka kumi. Ni mwiko. Lakini maji haijaombaka mutu mwingine afungwe."

"Mama, mimi sijui unasema nini."

"Tarehe makumi mbili, wakati wa fête. Ulikuja miguu tupu, viatu ndani ya mukono, lotoko inakunukia mpaka kwenye kiti yangu. Ulifungua ile kifuniko kwa nyuma. Uligeuka, ukapatia maji mugongo, kama vile tunafanyaka, ukatupa juu ya bega. Nilisikia *tubwi*. Na nilisikia ulichoomba. Uliomba cheo. Ulisema: *Maji, nimechoka kutafuta kuku ya batu. Unipe kesi kubwa.*"

Pampu ilipuliza mapovu. Nje, lori liliendelea kunguruma. Berthe alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, na haikujulikana kama ni kicheko au hofu.

"Fungua mukono, mwana."

"Mama—"

"Ulisema hausahau. Mbele ya mulango, nilikusikia. Fungua."

Désiré aliangalia mlango. Mlangoni alisimama askari, na mbele ya askari Assumani, na vifundo vya mikono ya Assumani vilikuwa vimeanza kuvimba ndani ya chuma cha Kibelgiji. Ufunguo ulikuwa mfuko wa kulia, chini kabisa, chini ya ngumi. Hakukuwa na njia ya kuufikia bila kuifungua ngumi kwanza.

Akaifungua. Shaba na ufunguo viligongana mfukoni, sauti ndogo ambayo kila mtu sebuleni aliisikia. Akavitoa vyote viwili. Kipande cha mutako alikiweka mezani juu ya gazeti la tarehe mosi Juni, kikaacha doa la kijani kwenye karatasi. Kisha akavuka chumba, akapiga goti moja mbele ya mzee ili apate tundu la pingu, na hakusimama mpaka zote mbili zimefunguka.

Lambert alikuwa amefura kuanzia kooni kwenda juu. "Kumbe wewe," alisema. "Wewe! Lori haliendi tupu. Askari!"

"Lambert," Mama Pélagie alisema. "Kaa chini."

Direkta wa kampuni ya kahawa alikaa. Kiti kililalamika.

Kutoka mtoni honi ililia mara ya tatu, ndefu, ya kuondoka. Askari alitazama saa yake, akatazama mama, akavua kofia.

Assumani alikuwa ameokota daftari lake. Alifuta alama ya kiatu kwa kiganja, akagonga ncha ya kalamu iliyokwama mpaka wino ukatoka, akakaa kwenye kigoda chake. Alitazama ua la kahawia kwanza. Kisha akamtazama Inspekta, aliyekuwa bado amepiga goti, shati limelowa upande mmoja.

"Tarehe kumi na nane, mwezi wa sita," alisema akiandika kutoka kulia. "Shaba ilitoka. Niandike nani aliitia?"

Désiré alizitazama pingu tupu mkononi mwake.

"Andika," Mama Pélagie alisema, akirudi kwenye mchele wake. "Andika jina yote mpaka ya baba. Huyu anasema hasahau, lakini wewe andika."